Namba ya Upande wa Ukutani

Katika mtaa wetu wote hakuna mtu aliyejua injini kuliko mimi. Sisemi kwa majivuno. Ni jambo la wazi tu, kama vile jua kuwa kali mchana. Wenzangu walikua na kaka na dada, mimi nilikua na injini. Ilikaa sebuleni kwetu juu ya tairi la lori, kati ya kochi na ukuta, imefunikwa kitambaa cheupe alichokifuma mama, na juu ya kitambaa redio. Wageni wa mara ya kwanza waliweka vikombe juu yake wakidhani ni meza. Nilijifunza kusimama kwa kuishika. Ndiyo maana vijana wa kwenye kibanda cha kinyozi waliniita Injinia, na mimi niliitika bila aibu.

Basi siku baba alipokubali iuzwe, kazi ya kutafuta mnunuzi nilipewa mimi. Nani mwingine? Nikaifunua, nikaipiga picha kwa simu, nikaandika tangazo kama mtu anayejua mambo: "Inauzwa. Injini ya gari la kale, silinda nne, imetunzwa na fundi mwenyewe."

Haikupita saa moja likaja jibu. "Mbona kwenye picha naona plagi sita?"

Nikainuka kwenda kuhesabu. Zilikuwa sita, moja kwa kila silinda. Miaka kumi na tisa nimekula ubavuni mwa kile chuma na sikujua kina silinda ngapi. Nikamjibu haraka, "Nilikuwa nakupima tu mzee, nione kama unajua unachokitafuta."

"Najua," akaandika. "Nakuja Jumamosi asubuhi. Isiguswe."

Injini yenyewe ilizaliwa kabla ya mama. Gari lake liliisha zamani. Bodi ililiwa na kutu uani mpaka mlango wa mwisho ukageuka kizuizi cha banda la kuku. Lakini injini baba aliing'oa mapema, akaipaka grisi, akaileta ndani. Kila Jumapili, akishaoga, alichomeka mtaimbo mbele yake na kuizungusha mara tatu, taratibu, ameinamisha kichwa akisikiliza. Alisema pistoni ikikaa sana mahali pamoja hushikana na ukuta wake na haitoki tena. Mama alisema hajawahi kugeuzwa kwa uangalifu kiasi hicho hata alipokuwa na homa. Baba alijibu kwamba mama hajawahi kuwa na silinda sita.

Hata mguu ulipokatwa, hakuacha. Gia boksi ya lori ilimwangukia gereji, daktari akaondoa kuanzia chini ya goti, na Jumapili ya kwanza baada ya kutoka hospitali baba alijiburuta sakafuni mpaka kwenye injini, akaizungusha mara tatu akiwa amekaa. Kisha akalala pale pale, ameegemea tairi, jasho likimtoka.

Kilichomuuma baba si maumivu. Ni mgongo wa mama. Bafu letu liko nje, na kutoka mlango wa nyuma kuna ngazi tatu za saruji zilizokatika. Kwa mkongojo wake mmoja baba aliweza kutembea sebuleni, lakini ngazi zile zilimshinda. Basi kila asubuhi mama aliinama, baba akapanda mgongoni, na majirani waliokuwa wakifua wakageuza nyuso zao kwa heshima, wakasugua nguo zile zile mara mbili. Mama hakuwahi kusema neno. Baba naye hakusema, ila kwa mwaka mzima alioga haraka sana.

Gereji walimwambia, "Ukija umesimama, nafasi yako ya usimamizi ipo." Na nyuma ya hospitali kulikuwa na fundi wa miguu. Sikujua duniani kuna fundi wa namna hiyo mpaka nilipoingia karakana yake: miguu imening'inia darini kama ndizi, mirefu, mifupi, mmoja wa mtoto umevalishwa soksi nyekundu. Fundi alimpima baba kwa bendeji yenye chokaa, akampigapiga goti, akasema, "Mguu wako laki saba, mzee. Nauchonga, unakuja kuchukua. Lakini ukipita mwisho wa mwezi naufungua, vyuma vyake vinaenda kwa mwingine. Wanaongoja ni wengi."

Mwisho wa mwezi ulikuwa Jumatano, siku nne baada ya Jumamosi ya mnunuzi. Mnunuzi huyo, tajiri wetu wa injini, alikuwa amesema, kwa maandishi, kwamba akiridhika atatoa laki tisa.

*

Sasa turudi kwenye lile neno: isiguswe.

Mtu akikwambia anakuja kumwona binti yako na akasema msihangaike, je, mtamwacha binti na nywele timutimu? Nilijua adabu ya wanunuzi. Wanasema usiguse wakimaanisha usijichoshe. Alhamisi baba na mama wakaenda kujaribisha kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, nikabaki peke yangu na injini, na injini ilikuwa chafu kwelikweli. Grisi ya miaka ishirini ilikuwa imeshika vumbi mpaka imekuwa kama ngozi ya mamba.

Nikaenda kwa jirani mchomeaji kuazima mashine yake ya msasa.

"Unasaga nini?" akaniuliza.

"Kutu."

"Una uhakika ni kutu?"

"Kaka," nikamwambia, "unajua unaongea na nani?"

Akaipuliza vumbi ile mashine, akanikabidhi. "Najua. Ndiyo maana nauliza."

Nikasugua. Nikakwangua. Nikaosha kwa petroli. Upande ulioelekea ukutani, ambao nilikuwa sijawahi kuuona maisha yangu yote, nilikuta mahali kidogo, ukubwa wa kiberiti, pamejaa makovumakovu chini ya ukoko. Kila sehemu nyingine ya injini ilikuwa laini na pale palikuwa na mikwaruzo kama palipodonolewa na kuku. Palinikera. Nikapapitishia msasa. Nikapapitishia tena. Mwisho wake palikuwa laini na pamenyooka, pamependeza mno. Kisha nikapaka rangi ya fedha injini nzima, na kofia yake, ule mfuniko wa juu, nikaipaka nyekundu, ili iwe na uchangamfu.

Waliporudi, mama alisimama mlangoni akapiga makofi. "Mwanangu! Hii si ndiyo ile tuliyoiona kwenye maonyesho?"

Baba alisogea na mkongojo wake, akaizunguka kwa macho. Upande wa ukutani hakuufikia, kochi lilimzuia.

"Umepaka rangi," akasema.

"Ndiyo baba."

"Na plagi umezipaka."

"Kidogo."

"Na fenibelti."

"Iligusana tu na brashi, baba."

Akakaa sakafuni, akachomeka mtaimbo, akaizungusha mara tatu, akasikiliza. Pumzi zikamrudia. "Haidhuru," akasema. "Ndani ni nzima. Mtu anayenunua injini ananunua ndani."

Nikakubali kwa kichwa, kama fundi mwenzake.

*

Jumamosi baba alivaa suruali yake ya heshima, mama akamkunjia mguu wa kulia na kuubana kwa pini mbili. Akaomba akalishwe mlangoni juu ya kreti la soda, ampokee mgeni mwenyewe. Kofia alikuwa ameigeuza mapajani ili aivae mgeni akitokea.

Gari dogo la mizigo likasimama ng'ambo ya barabara. Dereva akabaki kwenye usukani, amefungua kioo. Akashuka mzee mwenye shati lililopigwa pasi mpaka mikono, tochi ndogo imechomekwa mfukoni. Alivuka barabara akiangalia namba za nyumba, akafika mlangoni, akamwona baba, suruali na pini, na kofia iliyogeuzwa mapajani. Mkono wake ukaingia mfukoni wenyewe. Sarafu ikaanguka ndani ya kofia.

"Pole, mzee," akasema akiwa tayari anachungulia ndani. "Mwenye nyumba yupo?"

Baba aliitazama ile sarafu. Mimi nilikuwa nyuma yake na nilitamani sakafu initafune.

"Yupo," baba akasema. "Umemlipa sasa hivi."

Mgeni alicheka kidogo, kama mtu asiyesikia vizuri, akaingia. Baba akaitia sarafu mfuko wa shati, akavaa kofia, akanyoosha mkono nimwinue.

Ndani, yule tajiri hakumsalimia mtu tena. Aliiona injini, akasimama kama aliyekuta shati lake limevaliwa na mtu mwingine.

"Nani aliyeipaka hivi?"

"Mimi," nikasema kifua mbele.

"Nilisema isiguswe."

"Nimeigusa kwa nia nzuri, mzee."

Hakuendelea na mimi. Alimwomba baba aizungushe. Baba akaizungusha, naye akaweka sikio, na nikaona uso wake ukilegea. Wale wawili walisikiliza kwa namna moja, midomo wazi kidogo, kama watoto wanaosikiliza tumbo la mama mjamzito. "Mungu wangu," akasema tajiri. "Haijashikana. Miaka yote hii." Akavua saa. Akakunja mikono ya shati. "Mzee, gari ninalolifufua nimelitafutia hii kwa miaka sita. Kadi unayo?"

Mama alikuwa nayo kifuani, kwenye mfuko wa nailoni: kadi ya lile gari, imechakaa mikunjo, namba ya injini imeandikwa kwa wino wa zambarau. Tajiri akaichukua, akawasha tochi, akaingiza kichwa kati ya injini na ukuta.

Akakaa huko muda mrefu.

Alipotoka, uso ulikuwa umebadilika. "Sogezeni kochi."

Tukasogeza. Akaweka kidole pale mahali pa ukubwa wa kiberiti. Chini ya rangi ya fedha palikuwa laini kama shavu la mtoto.

"Namba iko wapi?"

Nilianza kuhesabu boriti za darini.

"Mzee," tajiri akamwambia baba, na sauti yake sasa ilikuwa ya upole wa kuogopesha, "injini yenye namba iliyosagwa nadhani unajua ni injini gani. Siwezi kuisajili. Na sitaki kuulizwa nimeitoa wapi."

Baba akaburuta makalio mpaka pale, akapitisha kidole gumba. Mara moja. Mara ya pili. "Injini hii ni yangu," akasema. "Sijawahi kuchukua hata nati ya mtu."

"Sijasema umeiba."

"Umesema."

"Nimesema namba haipo." Akavaa saa yake. Kadi akaiweka juu ya redio, kwa ncha za vidole. "Ningekushauri usimwonyeshe mtu mwingine."

Akatoka. Mama alibaki amejishika kifua, mahali kadi ilipokuwa. Baba hakumtazama mama wala mlango. Alinitazama mimi.

"Ni wewe?"

"Baba, ile mashine ya jirani ni kali sana, mtu huwezi hata..."

"Jibu swali la baba yako," mama akasema.

Nikatoka mbio.

Yaliyosemwa pale barabarani ni mafupi, na nitayaeleza. Tajiri alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mlango umefungwa. Nilifika, nikashika dirisha, nikasema, "Mzee, teremka. Baba yangu si mwizi. Namba ile nimeisaga mimi kwa ujinga wangu, nilidhani ni kutu." Akaniangalia. Nikamwangalia. Nikaongeza, "Kama kuna wa kudharauliwa ni mimi, si yeye." Maneno hayo. Mama naye alikuwa ametoka, yuko huko nje. Basi tajiri akafungua mlango wa gari, na mimi nikawatangulia kupitia mlango wa nyuma, nikamkuta baba bado ameweka kidole gumba pale pale.

"Anarudi, baba," nikasema, nahema. "Nimemwambia ni mimi. Mbele ya dereva wake."

Baba akakiondoa kidole, akanigeukia. Hakuwa mtu wa kusifu. Nilipofaulu mtihani wa mwisho aliniambia nikate kucha. Lakini siku ile alisema, "Vizuri. Umekua." Nikasikia joto mpaka masikioni.

Tajiri akaingia, mama nyuma yake. "Haya," akasema, na kulikuwa na kicheko kidogo pembeni mwa mdomo wake. "Nimeelezwa. Usafi wa nyumba hii ni hatari kuliko kutu. Lakini maelezo hayarudishi namba, mzee wangu."

"Yenyewe itarudi," baba akasema.

Wote tukamgeukia.

"Dereva wako ana betri kwenye gari. Nataka tone la tindikali yake. Mama, niletee pamba, njiti za kiberiti na ule msasa laini. Na wewe Injinia," na hilo jina halijawahi kuniuma kama siku hiyo, "kaa mbali, shika tochi, usiguse kitu."

*

Nimeshaona watu wakitazama mpira, nimeshaona watu wakitazama nyumba ikiungua. Sijawahi kuona watu wakitazama chuma kama tulivyokitazama mchana ule. Baba alilala ubavu sakafuni. Aliondoa rangi yangu, akapasugua kwa msasa laini na mafuta mpaka pakawa kioo. Niliona pua yake imo ndani. Akapafuta, akazungushia pamba kwenye njiti, akachovya, akapapaka tindikali kidogokidogo, akarudia, akangoja.

"Tunangoja nini?" tajiri akauliza. Alikuwa amepiga magoti, shati lake la pasi linafagia vumbi la nyuma ya kochi.

"Namba haikuandikwa, imegongwa," baba akasema bila kugeuka. "Nyundo ikipiga, kinachobonyea si uso peke yake. Chini yake chuma kimebanwa. Msasa umesaga uso. Kilichobanwa bado kipo, hakijui kama juu kumesagwa. Tindikali inakula pale tofauti na pengine. Subiri."

"Umejifunza wapi hayo?"

"Wakaguzi wa magari walikuwa wananiita. Injini za wizi." Akachovya tena njiti. "Nilikuwa nawasaidia kuzikamata."

Tajiri akakohoa, akaangalia magoti yake.

Kisha akakumbuka ujanja wa mjini. "Kadi ifunikwe. Tusome kwanza, halafu tufungue. Isiwe tunaona tunachotaka kuona."

"Hiyo ni haki," baba akasema. Mama akakalia kadi.

Dakika zikapita. Mahali pale palianza kufifia, kama kioo kinachopuliziwa pumzi. Mama, ambaye miaka yote aliiona injini ile kama mke mwenza, alikuwa amebana shavu lake kwenye shavu la baba ili aone. "Pale! Pale kuna kitu kama ndoano!"

"Usipumulie."

"Sipumui tangu saa ile."

Ndoano ikawa mbili. Pembeni yake pakajitokeza kijiti, kikawa moja. Halafu sifuri, halafu sifuri nyingine, za kijivu juu ya kijivu, hazionekani ukiziangalia moja kwa moja, zinaonekana ukigeuza tochi kidogo. Tajiri aliandika kila moja kwenye kiganja chake kwa kalamu. Saba. Nne. Nilisahau kabisa kwamba mimi ndiye niliyezifuta. Nilishangilia kila inapotoka kama vile nimezitengeneza.

Ya mwisho ikakataa.

"Hapa ulikandamiza," baba akasema.

"Hapo mkono ulikuwa umechoka, baba."

Akapaka tena. Akangoja. Akapaka. Dereva aliyeleta tindikali alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai alichopewa na mama, hanywi. Mguu wa baba, ule uliobaki, ulikuwa umeanza kutetemeka kwa kulalia ubavu, na pini moja ilikuwa imefunguka, kitambaa kimelegea sakafuni. Hakuna aliyekigusa.

"Tatu," tajiri akasema. "Au nane."

"Haisomwi kwa au," baba akajibu. "Injinia. Sogeza mwanga chini. Zaidi. Hapo hapo, tulia."

Nikatulia. Kivuli kikalala upande, na upande wa kushoto wa ile tatu ukafunga taratibu, juu kwanza, kisha chini.

"Nane," wakasema wote watatu kwa pamoja.

Mama akainuka, akafungua kadi, akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, na tajiri akafuata kwenye kiganja chake kwa kidole. Mbili. Moja. Sifuri, sifuri. Saba. Nne. Alipofika nane, mama hakuisema. Alimgeuzia kadi aione mwenyewe.

*

Msidhani tajiri alilia akatupa laki tisa. Watu wa namna hiyo wakishafurahi ndipo wanapokumbuka bei.

"Mzee, ni kweli namba ipo. Lakini nitahitaji mkaguzi aje aithibitishe, aigonge upya. Na hii rangi nitaitoa kwa wiki nzima. Laki sita."

"Ulisema tisa," mama akasema.

"Nilisema nikiridhika."

"Na ulipopiga magoti nyuma ya kochi langu ulikuwa unasali?"

"Laki sita na nusu, mama, na usafiri ni wangu."

Mama alinitazama, tukapiga hesabu moja kwa macho. Kwa laki saba za fundi ilipungua nusu. Nusu laki ni kidogo kwa mtu mwenye shati lile, na kwetu ilikuwa kidole gumba, kisigino na vyuma vya kifundo. Mama alikuwa amebakiza kuomba tu, na hakujua kuomba.

Baba akatia mkono mfuko wa shati, akatoa ile sarafu, akaiweka juu ya kofia nyekundu ya injini.

"Hiyo nayo uihesabu," akasema. "Ulinipa mlangoni. Nilikuwa nakungoja nikusalimie."

Tajiri aliitazama sarafu. Kisha pini. Kisha kofia ya baba. Nilimwona mtu mzima akielewa jambo kuanzia shingoni kwenda juu. Hata masikio yaliiva. Aliinama, akashika mkono wa baba kwa mikono yake yote miwili, akamsalimia upya kana kwamba ndiyo kwanza anaingia. "Laki saba, baba," akasema. "Nisamehe sana. Laki saba, na Jumatatu gari hili litakupeleka popote unapotaka kwenda."

Kabla haijabebwa, baba aliomba nafasi. Haikuwa Jumapili. Alichomeka mtaimbo, akazungusha mara tatu, akasikiliza. Akaufuta mtaimbo kwa kitambaa cha mama, akampa tajiri. "Kila wiki," akamwambia. "Hata kama una wageni."

Ilipotoka, sebule ikawa kubwa kwa namna ya ajabu. Redio tuliiweka sakafuni.

*

Jumatatu dereva alikuja mapema kama alivyoagizwa. Alimsaidia baba kupanda, akamsaidia kushuka, akaingia naye karakana akiwa amemshika kiuno, akabaki kutazama, maana nani asingebaki? Miguu ile darini ilimfanya atembee ameinama bila sababu.

Mguu wa baba ulikuwa mezani. Ulikuwa wa rangi ya chai ya maziwa, na fundi alikuwa ameuvalisha kiatu cha kushoto kimakosa, akakibadili huku akijitukana. Mama akalipa. Baba akachomeka kigutu kwenye kikombe, fundi akakaza mikanda, akamwambia ashike vyuma viwili vya pembeni, vile virefu kama vya daraja. "Usitembee bado. Simama tu."

Baba akasimama.

Nilikuwa nimesahau urefu wake. Mwaka mzima nilikuwa nikimwangalia kutoka juu, amekaa au ameinamia mkongojo. Sasa kidevu chake kilipita nywele zangu. Mama aligeukia dirishani akawa anakunja bendeji ambayo ilishakunjwa.

Baba alikuwa na furaha, na furaha ilimfanya azungumze, jambo ambalo si kawaida yake. "Fundi," akasema, "mguu huu usingekuwapo bila kijana wangu huyu. Aliharibu, kweli. Lakini mtu aliponiita mwizi ndani ya nyumba yangu, huyu alitoka mbio akamfuata mpaka kwenye gari, akasema kosa lake mbele ya watu. Vijana wa siku hizi wangapi wanaweza hivyo?"

Nikainamisha kichwa, kama inavyompasa mtu anayesifiwa.

"Kijana yupi?" dereva akauliza.

"Huyu. Wewe si ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, mzee." Dereva hakuwa na ubaya wowote, nataka hilo lieleweke; alikuwa mtu anayependa mambo yawekwe sawa. "Lakini aliyekuja dirishani ni mama. Alikuja peku. Alisema namba ameisugua yeye, eti kwake kitu chenye mikwaruzo ni uchafu, na kama bosi anataka kumdharau mtu amdharau yeye. Ndiyo bosi akacheka, akateremka." Akanielekezea kidole. "Huyu nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya tanki la maji."

Mama aliendelea kukunja bendeji.

Baba alinitazama. Nikatafuta boriti za kuhesabu, nikakuta miguu. Mlango ulikuwa nyuma yake, na mimi nilikuwa mwisho wa vile vyuma viwili, kati ya ukuta na meza.

Baba akaachia chuma cha kulia. Akaachia cha kushoto.

"Enhe!" fundi akapiga kelele, amejaa furaha. "Hiyo ndiyo yenyewe! Moja! Wengine huchukua wiki, mzee! Mbili! Macho mbele, usiangalie chini! Tatu! Endelea hivyo hivyo, mtazame kijana wako, nenda kwake!"